Gitaa kavu lipewe nafasi hata kama mtindo wake hauna jina

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jinsi redio zetu, na wakati mwingine hata kurasa za burudani, zinavyoupokea muziki wa gitaa kavu, yaani gitaa lisilotumia umeme, unaopigwa kwa vidole bila mwimbaji. Mimi hufundisha gitaa hapa Arua, katika eneo la West Nile nchini Uganda, na jambo hili linanigusa sana.

Kijana mmoja ninayemfundisha alirekodi vibao vyake akavipeleka katika kituo fulani cha redio. Mtangazaji alivisikiliza kwa heshima, kisha akamwuliza ni muziki wa aina gani. Kijana hakuwa na jibu la neno moja, kwa sababu kibao chake cha kwanza kinaanza kwa mzunguko wa besi alioutoa kwenye adungu, kinubi cha Waalur, kikafuata sauti za nyimbo za kwaya alizokua akiziimba kanisani, na kikamalizia kwa mwendo wa rumba ya Kongo. Ili apate besi hiyo ameulegeza uzi mnene kuliko zote hadi mtetemo wake unaonekana kwa macho, na kidole gumba chake hakiuachi tangu mwanzo hadi mwisho. Akaambiwa kwamba hakuna kipindi kinachomfaa: kadongo kamu, mtindo wa Uganda wa kuimba kwa gitaa, haiwezekani kwa kuwa haimbi, injili haiwezekani kwa kuwa hakuna maneno, na muziki wa asili haumkubali kwa kuwa gitaa si ala ya asili. Hakuna aliyesema kuwa kazi ni mbaya. Ilikosa mahali pa kuwekwa tu, na hilo ndilo linaloniuma.

Kwa wanaodhani kuwa muziki usio na jina ni muziki usiokomaa, ningependa waisikilize albamu ya Aerial Boundaries ya Mmarekani Michael Hedges, iliyotolewa mwaka 1984 na kampuni ya Windham Hill. Hedges alisomea utunzi wa muziki katika chuo cha Peabody huko Baltimore, lakini gitaa lake halikai katika muziki wa darasani, wala wa jazi, wala wa roki. Katika kibao kinachobeba jina la albamu, mikono yote miwili inafanya kazi juu ya shingo ya gitaa: wa kushoto unazigonga nyuzi za besi bila kusubiri mwingine uzikwanyue, wa kulia unadonoa sauti nyembamba za juu, na msikilizaji asiyeambiwa ataapa kuwa wapigaji ni wawili au watatu. Humo humo mna wimbo wa Neil Young uliopigwa bila maneno, besi ikishikwa na Michael Manring, na mna kibao kilichoundwa kwa kukata na kuunga vipande vya kanda. Kwa kuwa kampuni hiyo ilijulikana kwa muziki wa utulivu, kazi ya Hedges iliwekwa katika fungu la nyu eji (New Age), yaani muziki wa kutuliza akili, jina ambalo mwenyewe hakulipenda. Alifariki katika ajali ya gari mwaka 1997, na mwaka uliofuata albamu yake ya Oracle ikatunukiwa Grammy, bado katika fungu hilo hilo la nyu eji. Tuzo ilimstahili kabisa, ila ninasikitika kwamba kwa wengi jina lile lilitangulia masikio.

Wala hatuna haja ya kwenda Marekani kutafuta ushahidi. Hugh Tracey, mtafiti aliyerekodi muziki wa Afrika, aliporekodi gitaa la Jean Bosco Mwenda mwaka 1952 huko Jadotville, mji ambao leo ni Likasi, alikutana na kijana wa Katanga ambaye kwa kidole gumba na cha shahada alikuwa akibeba besi na sauti ya juu kwa pamoja, na nyimbo zake za Kiswahili zikavuka mipaka hadi Afrika Mashariki. Magharibi mwa Kenya, George Mukabi aliyafanya mapigo ya isukuti, ngoma ya Waluhya, yasikike kwenye nyuzi. Muziki huu wa vidole ni wetu tangu zamani, na vijana wanaochanganya adungu na rumba wanaendeleza kazi ambayo wazee hao waliianza.

Najua watangazaji watasema kwamba msikilizaji hutaka kujua anasikiliza nini. Ni kweli, na anaweza kuambiwa: hili ni gitaa kavu, mpigaji ni fulani wa Nebbi, besi imetoka kwenye adungu, nyuzi zimelegezwa hivi. Maelezo hayo yanamsaidia zaidi kuliko jina la fungu. Ninaziomba redio zitenge japo nusu saa kwa wiki kwa ajili ya gitaa la vidole, bila sharti la mtindo. Waandaaji wa mashindano nao, kwenye fomu wanazowapa vijana, waongeze nafasi ya mpigaji ala asiyeimba. Gazeti lako, Mhariri, linaweza kuanza mapema kuliko wote kwa kutuma mwandishi akae na wapigaji hawa wa West Nile, aitazame mikono yao kwa karibu, aandike anachokisikia.

Msomaji wako,
Arua