Sentensi moja kila asubuhi

Wazazi wenzangu, habari za jioni. Kuanzia Jumatatu, sisi tunaofundisha watoto nyumbani hapa Kigoma tutafungua siku kwa sentensi moja yenye makosa. Nitaituma humu saa 1 asubuhi; mtoto ainakili ilivyo, kisha aisahihishe kwa kalamu nyekundu. Dakika 10 zinatosha.

Ya kwanza hii hapa: "mtumbwi yetu imetoka ujiji leo tumekura migebuka". Kuna herufi kubwa, nukta, upatanisho, na ile r na l inayotusumbua wengi huku kwetu. Nawaomba sana msimtajie jibu. Muulizeni tu: kura ni nini, kula ni nini? Binti yangu ilibidi aseme kwa sauti "mtumbwi mmoja, mitumbwi miwili", ndipo akafuta "imetoka" mwenyewe akaandika "umetoka". Ngeli ya U-I nilimkaririsha mwezi mzima, haikukaa. Siku hiyo ilikaa.

Kosa likimpita, liacheni. Nitalirudisha kesho yake ndani ya sentensi nyingine. Wenye watoto wa darasa la 2, wapeni kosa moja tu. Picha za madaftari zifike kabla ya saa 2 usiku.