Lile daftari bado unalo?

Assalamu alaykum kaka,

Nimenyamaza toka Ramadhani, nisamehe, nimekupigia mara tatu leo simu haipatikani ndiyo nakuandikia. Fundi ametutoka. Alhamisi alfajiri, presha tu, alikuwa ashatawadha anangoja adhana. Tukamzika baada ya adhuhuri, madereva wa matatu za Mambrui waliegesha gari zote wakaja na vumbi lao miguuni.

Sasa sikiza. Jana nilikaa na kijana wake mdogo pale gereji akaniuliza, ami, ni kweli baba alikuwa akishindana kwa gari? Wallahi sikujua nianzie wapi. Ile Datsun 160J iliuzwa chuma chakavu, picha zililowa mvua zikagandana, kikombe hata sijui kiko kwa nani. Mtoto anamjua babake wa kubadilisha oili.

Nikamweleza vile alivyokuwa akichutama kwa kila tairi kabla ya kuingia mchangani, anabonyeza valvu kwa kijiti cha kiberiti, kichwa kakiinamisha anasikiliza upepo unavyotoka, geji hataki, akisema basi ni basi. Kisha wenye Land Rover wamezama hadi ekseli, yeye huyo anapita na gia ya pili, breki hagusi. Watu walisifu mbio zake, mimi nilichokuwa naona ni macho, ardhi ashaisoma gari haijafika. Aliendesha kwa mapenzi, hakulipwa hata shilingi, na nasema wazi alichowazidi wale wa kulipwa hakikuwa kidogo, kilichomshinda ni bei ya matairi.

Unakumbuka alivyokuwa akimtaja Joginder Singh? Kwamba 1965 alichukua Safari, yale mashindano makubwa ya magari ya Afrika Mashariki, na Volvo iliyokwisha kutumika na wengine, naye ni fundi kama sisi, na kando yake yuko nduguye Jaswant. Hapo kwa ndugu ndipo alipokuwa akiparudia, kisha anakutazama wewe. Na Shekhar Mehta, mara 5, 4 kati ya hizo mfululizo toka 1979 hadi 1982, na zote hizo 5 kwa gari za Datsun au Nissan, kampuni ile ile moja, basi hapo hata chai inapoa. Safari iliporudi kwenye mashindano ya dunia 2021 kule Naivasha alifunga gereji akakaa mbele ya tivii, na kila gari ikikaribia kona anasema "sasa", na hapohapo dereva anakanyaga breki. Nilikaa naye siku nzima. Hakukosea.

Ndiyo nasema lile daftari. Wewe ndiye uliyekaa kiti cha kushoto, wewe ndiye uliyeandika kona zote kwa penseli kama alivyokutajia, na kwa nijuavyo ndicho kitu pekee kilichobaki chenye maneno yake. Nataka mtoto alishike kabla ya hitma ya arubaini. Kama huwezi kulituma piga picha kila ukurasa, hata zile zenye alama za grisi, hizo hasa.

Bado unalo? Ulihama nalo au liliachwa kwa mama? Yule bwana wa Watamu mwenye kamera yuko wapi siku hizi? Na ile siku ya mvua njia ya Marafa, mlipozunguka mkabaki mmetazama mlikotoka, alikwambia nini? Mimi nilikuwa mbali na jeki, nilimwona tu kakushika bega. Utaweza kuja arubaini? Mtoto anauliza kama ulikuwa ukiogopa ukiwa naye. Nimjibu nini?

Nduguyo,
wa Malindi