Barua kwa mwanangu aliyeajiriwa kuwa mtendaji wa kijiji

Ujiji, Kigoma

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imenifikia salama, nasi huku hatujambo. Baba yako anakusalimu na anakuombea kila la heri katika kazi yako mpya. Nimefurahi kwamba kabla rasimu ya sheria ndogo haijafikishwa mbele ya mkutano mkuu wa kijiji umetaka kujua maoni ya mama yako. Umesema halmashauri ya kijiji inapendekeza mambo matatu: kila kaya iwe na choo bora, kila kaya ilime ekari moja ya muhogo, na asiyefika kwenye msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, atozwe faini. Kwa maoni yangu la kwanza linafaa, la pili halifai, na la tatu linategemea litakavyotekelezwa. Nitakueleza sababu zangu, kwa kuwa hilo ndilo swali utakaloulizwa na wazee wa hapo siku ya mkutano.

Katika kila amri inayotolewa kwa jina la serikali, mimi hutazama kwanza kama madhara ya mtu kutofanya jambo yanamwishia yeye mwenyewe au yanawafikia wengine. Uchafu wa kaya isiyo na choo huteremka na mvua hadi ziwani, na maji ya ziwa hilo ndiyo yanayonywewa na watoto wa kaya nyingine. Unakumbuka Mei 2015, wakimbizi kutoka Burundi walipojazana katika kijiji cha Kagunga, karibu na mpaka, na kipindupindu kikazuka. Hakuna familia ambayo ingeweza kujikinga peke yake pale, hata ingekuwa safi namna gani. Ilibidi serikali na mashirika yasimamie maji, matibabu na usafiri, na meli ya MV Liemba ikatumika kuwaondoa watu na kuwaleta Kigoma mjini. Kwa hiyo usione haya kulisimamia la choo. Wape watu muda wa kutosha, msaidieni mzee asiye na nguvu za kuchimba, lakini msilegeze.

La muhogo linanigusa zaidi, na nitalieleza kwa urefu. Nilikuwa binti mdogo kule Kasulu mwaka 1972 Operesheni Kigoma, ile ya kuwahamishia watu vijijini, ilipofika kwetu. Siasa ya vijiji vya ujamaa ilikuwa imehubiriwa tangu baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 kama jambo la hiari, na Novemba 1973 ndipo kuishi vijijini kulipotangazwa kuwa amri kwa nchi nzima, lakini mkoa wetu ulikuwa miongoni mwa ile iliyotangulia kuhamishwa. Watu wa kwetu walikuwa wakiishi kwa kutawanyika, kila boma katikati ya migomba na mibuni yake, na makaburi ya wazee yakiwa papo hapo. Tuliambiwa tuhamie kando ya barabara, mahali palipofyekwa nyasi na kupimwa kwa kamba. Nyumba yetu iliezuliwa ili tusirudi. Bibi yako alikuwa akiondoka alfajiri, kabla watu hawajaamka, kwenda kukata ndizi katika shamba alilolipanda yeye na marehemu mume wake, kisha akizileta amezifunika kwa majani, kama mwizi wa mali yake mwenyewe.

Sitaki uelewe kwamba waliopanga jambo lile walikuwa na nia mbaya, maana walitaka shule, zahanati na maji viwe karibu na watu, na mimi mwenyewe nilisoma katika shule iliyojengwa kijijini pale, nikawa mwalimu. Shule ile ilikuwa kazi halali kabisa ya serikali, kwa kuwa hakuna boma ambalo lingeweza kuijenga peke yake. Ambalo halikuwa halali, nami nitalisema hivyo hadi mwisho wa maisha yangu, ni kumwamulia mtu mzima mahali pa kulala na udongo wa kulima bila hata kumuuliza kama kando ya barabara mgomba unaota. Tena hapakuwa na mahali pa kupeleka lalamiko, kwa sababu mwaka huohuo wa 1972 halmashauri za wilaya zilivunjwa na madaraka yakakabidhiwa kwa maofisa wa serikali kuu mikoani na wilayani. Zilirudishwa mwaka 1984, kufuatia sheria zilizotungwa mwaka 1982. Sheria hizo ndizo zinazokupa kiti chako leo, mwanangu, kwa hiyo unapokaa pale ujue kwamba ofisi ya kijiji ipo ili lalamiko la mtu lipate pa kufikia.

Sasa mtazame huyo anayeambiwa alime ekari moja ya muhogo. Asipolima, hasara ni yake. Huenda shamba lake liko kwenye mlima wenye changarawe, huenda anaishi kwa dagaa na hana jembe, huenda pia aliwahi kupanda mbegu iliyoliwa na ugonjwa wa batobato na hataki kurudia hasara ile. Yeye anaijua kaya yake kuliko halmashauri nzima. Afisa ugani na amtembelee, amwonyeshe mbegu inayostahimili ugonjwa, amweleze faida ya kuwa na chakula cha akiba, kisha amwachie uamuzi. Huo ndio mpaka ninaouona, na usiruhusu uvukwe kwa sababu tu wajumbe wanapenda kuonekana wachapakazi mbele ya wageni kutoka wilayani.

Utajibiwa kwamba serikali imewahi hata kuwazuia wavuvi wasivue, sembuse kuagiza muhogo. Ni kweli, Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, na nililiunga mkono jambo hilo ingawa jikoni kwangu pia liliuma. Samaki wa Tanganyika hawana mwenyewe mmoja. Ziwa ni la nchi nne, na mvuvi anayeamua kuupumzisha mtumbwi wake peke yake huwa amewaachia wenzake dagaa na migebuka aliyojinyima. Hapo lazima pawepo mwenye mamlaka ya kuwaambia wote kwa pamoja. Hata hivyo, anayefunga ziwa anawajibika kutoa taarifa mapema na kueleza sababu kwa lugha ya mwaloni, na kukumbuka kwamba mkopo wa nyavu na injini haupumziki pamoja na samaki.

Kuhusu msaragambo, barabara ya kwenda shuleni ni ya wote na kuitengeneza kwa pamoja ni desturi nzuri. Ninachoogopa ni faini. Wewe ulikuwa mdogo, lakini kabla kodi ya maendeleo haijafutwa mwaka 2003, wanaume wazima walikuwa wakikimbilia porini wakiwaona mgambo, na mbuzi wa mjane aliweza kuchukuliwa bila hata kipande cha karatasi. Ibara ya 138 ya Katiba inasema kodi haitatozwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria. Usikamate kuku wa mtu. Usipokee hata shilingi mia bila stakabadhi, na kila baada ya miezi mitatu usome mapato na matumizi mbele ya mkutano, hata kama mwenyekiti atasema muda hautoshi. Wagonjwa, wajawazito na wazee waandikwe ndani ya sheria yenyewe kwamba wamesamehewa, wasiachiwe huruma ya mtendaji, kwa sababu wewe utahamishwa na atakuja mwingine.

Jambo moja nisingependa ulikosee. Ninaposema kaya iachiwe mambo yake sisemi kwamba mlango wa nyumba unafunika kila kitu. Baba anayemwachisha binti shule ili amwoze, au anayempiga mkewe hadi kumuumiza, atakuambia kwamba hayo ni mambo ya ndani. Si ya ndani hata kidogo, kwa kuwa binti huyo naye ni mwananchi na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imetungwa kwa ajili yake. Siku hiyo usiende kwa upole wa afisa ugani. Nenda na polisi.

Basi rasimu ile isomwe yote kwa sauti, kifungu kwa kifungu, na waliokataa waandikwe kwenye muhtasari pamoja na sababu zao, ili halmashauri ya wilaya itakapoletewa kuidhinisha ione kijiji kilisema nini hasa. Mkutano ukimalizika niandikie, unieleze lile la muhogo limeamuliwaje na nani alisimama kulipinga.

Mama yako akupendaye.