Zabuni za mifumo zidai maelezo ya aina za muda

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nizungumzie nyaraka zinazoambatana na programu ambazo taasisi zetu hununua. Mnunuzi hupewa kitabu cha kumwonyesha abonyeze wapi, basi. Ni nadra kukuta ukurasa unaoeleza programu inatunza muda kwa aina gani ya data, na aina hiyo hubadilikaje programu ikihamishiwa kwenye mashine nyingine. Ukurasa huo uwe sharti la zabuni.

Mifumo endeshi ya jamii ya Unix, kama Linux, huhesabu sekunde tangu saa sita usiku ya kuamkia 1 Januari 1970, kwa UTC (saa ya kimataifa), na huziweka katika aina iitwayo time_t. Aina hiyo ikiwa na biti 32 (tarakimu za 0 au 1) zenye hasi na chanya, kikomo chake ni 2,147,483,647. Hesabu itajaa Jumanne, 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. Sekunde inayofuata, kwa kawaida, namba hugeuka hasi na tarehe hurudi 13 Desemba 1901. Wapo wanaosema 2038 bado ni mbali. Hatimiliki ya miaka 33 inayotolewa Tanzania leo inaisha baada ya hapo, na mkopo wa nyumba wa miaka 15 vilevile. Mfumo unaopiga hesabu ya tarehe ya mwisho hausubiri mwaka ufike. Hukosea siku ileile mkataba unapoingizwa.

Waandishi wengi wa nyaraka hupotea mahali pamoja: hueleza mashine iliyo mbele yao wakidhani wanaeleza kiwango. Kiwango cha lugha ya programu ya C kinaahidi tu kwamba time_t ni aina ya namba inayoweza kuwakilisha muda. Hakitaji biti ngapi, wala hakisemi ni sekunde. POSIX, kiwango cha mifumo ya jamii ya Unix, ndiyo iliyobana: iwe namba kamili, ihesabu sekunde, na toleo la 2024 likaongeza kwamba isipungue biti 64. Sasa mtu akiandika "time_t ni long" (aina ya namba kamili ya C), kwenye Linux ya biti 64 atakuwa sahihi kwa bahati. Kwenye Windows ya biti 64, long ina biti 32 tu, ilhali time_t ya kompaila (kigeuza-msimbo) ya Microsoft imekuwa ya biti 64 tangu Visual Studio 2005, isipokuwa mtu anayejenga programu ya biti 32 aombe ile ya zamani. Msimbo uleule ukipelekwa huko, nusu ya namba hukatwa, na kama maonyo ya kompaila yamezimwa hakuna atakayejua.

Hata kuichapa tu kuna mtego, kwa kuwa printf, amri ya C ya kuchapa, haina alama maalumu ya time_t. Ibadilishe kwanza iwe intmax_t (aina pana zaidi ya namba kamili), kisha uchape kwa %jd. Kwenye kusoma, usiipe scanf, amri ya kusoma, anwani ya time_t moja kwa moja. Soma ndani ya intmax_t, hamishia kwenye time_t, halafu linganisha kama thamani imebaki ileile. Kupata tofauti ya nyakati mbili, tumia difftime.

Ndugu zake, yaani aina nyingine za muda, nao wana mambo yao. POSIX inaahidi kwamba suseconds_t, ya mikrosekunde, itabeba kuanzia -1 hadi 1,000,000, haiahidi zaidi. Anayezidisha sekunde zote kwa milioni moja na kuziweka humo anategemea ukarimu wa mashine. Aina useconds_t iliondolewa POSIX mwaka 2008 pamoja na usleep, amri ya kusitisha programu kwa mikrosekunde, lakini vitini vya mafunzo bado vinaifundisha. Mbaya kuliko zote kwa maoni yangu ni clock_t, ya kuhesabu mapigo ya saa ya mashine. Ikitoka kwenye clock(), ili kupata sekunde hugawanywa kwa CLOCKS_PER_SEC, ambayo POSIX imeifunga kuwa 1,000,000. Ikitoka kwenye times(), hugawanywa kwa jibu la sysconf(_SC_CLK_TCK), ambalo kwenye Linux kwa kawaida ni 100. Aina moja, vipimo viwili! Tena ikiwa na biti 32, hesabu ya clock() hurudia mwanzo kila baada ya dakika 72 hivi za kazi ya prosesa, au hugeuka hasi kwenye nusu ya muda huo.

Kwa vifaa vya biti 32 vinavyotumia Linux, dawa ipo, ila ina masharti. Kerneli, yaani kiini cha Linux, ilikamilisha kazi ya kuhamia biti 64 kwenye toleo 5.6 mwaka 2020. Maktaba ya glibc, inayobeba amri za C kwenye Linux, ilifuata na toleo 2.34 mwaka 2021, lakini mpaka uombe kwa vigezo vya ujenzi: -D_TIME_BITS=64 pamoja na -D_FILE_OFFSET_BITS=64. Ukiitaja ya kwanza bila ya pili, kompaila itakataa, na hapo umepona. Hatari iko kwingine: programu ikijengwa kwa biti 64 na maktaba ya mtu mwingine ikabaki 32, kisha zikapeana struct timespec, fungu la data lenye time_t ndani yake. Ukubwa hautalingana, kila upande utasoma sehemu isiyo yake, na kiunganishi, programu inayounganisha vipande hivyo, hakitalalamika. Kwa hiyo nyaraka zitaje vigezo vya ujenzi vya kila maktaba, siyo vya programu kuu peke yake.

Data iliyokwisha kuhifadhiwa haiponi kwa kubadili kompaila. Faili lililoandikwa kwa kumwaga struct nzima kwenye diski halitasomeka time_t ikipanuka, kwa sababu sehemu zote zinazofuata husogea. Andika int64_t (namba ya biti 64 daima), na utaje mpangilio wa baiti, yaani ipi hutangulia. Kwenye MySQL, programu ya hifadhidata, safu ya aina ya TIMESTAMP inaishia ileile 2038 hata seva ikiwa ya biti 64. Tarehe za mikataba ziwekwe kwenye DATETIME. Diski ya ext4 (mfumo wa faili wa Linux) iliyoumbwa kwa inode, yaani rekodi za taarifa za faili, za baiti 128 nayo ina kikomo hicho.

Mkaguzi wa mnunuzi anaweza kudai mambo mawili kabla ya malipo ya mwisho. La kwanza ni mstari mmoja ndani ya msimbo, _Static_assert(sizeof(time_t) >= 8, "time_t ni fupi"), ili ujenzi ugome wenyewe time_t ikiwa chini ya baiti 8, yaani biti 64. La pili ni jaribio: saa ya mashine ya majaribio isogezwe hadi dakika chache kabla ya kikomo, mfumo uachwe upite, kisha rekodi na ratiba zake zikaguliwe. Mashine hiyo ikatwe mtandao kwanza, la sivyo itajirekebisha saa yenyewe; na vyeti vya usalama vitaonekana vimekwisha muda, kwa hiyo hitilafu za vyeti ziandikwe kando zisichanganywe na za time_t.

Mkufunzi wa programu za mifumo,
Dodoma