Kaka, deni la mama linapimwa kwa kibaba

Kaka yangu,

Assalaam alaykum. Rajabu imeingia na simu zangu bado hupokei. Nakuandikia hapa kwa sababu najua wanao watakuonyesha. Wengine watakaosoma wachukue linalowafaa, maana nyumba yenye mgonjwa ndani ya Ramadhani si yetu peke yetu.

Wazee wetu waliuhesabu mwaka mzima kwa funga. Idi ikishapita ni mfungo mosi, unakuja mfungo pili, mfungo tatu, hadi mfungo tisa, halafu Rajabu, Shaabani, na mtu amerudi mlangoni pale pale. Mama alituacha mfungo tano. Haijabaki hata miezi miwili mwezi mtukufu uingie, na anachodaiwa hakijapimwa.

Siku ya hitma ulisema mbele ya watu kwamba utamfungia mama siku zake zote wewe mwenyewe, hata ikichukua mwaka. Walioko barazani waliitikia amina, na mimi niliitikia. Hakuna aliyetia shaka mapenzi yako. Wewe ndiye uliyekuwa ukimshika mkono hadi msikitini kwenye tarawehe, na ndiye uliyemletea tende laini zisizomuumiza meno. Lakini siku za mama si za aina moja, kaka, na kila aina ina malipo yake. Ukizichanganya unaweza kufunga mwaka mzima na deni likabaki.

Kwanza zile siku 11 za mwaka alioshikwa na malaria. Hizo ni kadhaa halisi, yaani funga za kulipwa baadaye: aliumwa, akapona, akapata miezi ya kulipa. Alisema atalipa kipupwe kikiingia, siku zikiwa fupi na jua limepungua ukali. Kipupwe kikaja kikapita, na Ramadhani nyingine ikamkuta hajalipa. Kwenye madhehebu yetu ya Shafi, anayechelewesha kadhaa bila udhuru hadi Ramadhani ifuatayo huongezewa kibaba kimoja cha chakula kwa kila siku, na kufunga kwenyewe kunabaki palepale. Kwa hiyo hapo kuna funga 11 na vibaba 11 vya kuchelewesha.

Funga hizo 11 ndizo unazoweza kumfungia. Hadithi ya Bibi Aisha, iliyo kwa Bukhari na Muslim, inasema aliyekufa na ana funga juu yake, walii wake, yaani jamaa yake wa karibu, atamfungia. Kauli mpya ya Imamu Shafi ni kulisha tu, ila Imamu Nawawi aliipa nguvu kauli ya kale inayoruhusu kufunga, kwa sababu ya hadithi hiyo. Nia uiweke kila usiku kabla ya alfajiri: kadhaa ya Ramadhani kwa niaba ya mama. Si lazima zifuatane. Usiziweke siku za Idi mbili wala tarehe 11, 12 na 13 za mfungo tatu, hazitasihi. Na si lazima uzibebe peke yako; sisi watoto tukigawana, siku mbili huyu, tatu yule, zinatimia. Ungetuuliza tungekwambia hivyo siku ileile ya hitma.

Aina ya pili ni Ramadhani mbili za mwisho, na hapa ndipo tunapotofautiana. Mama alikuwa na sukari ya miaka, anachoma insulini asubuhi na jioni, figo zimeanza kuchoka, na daktari wa kliniki alimwambia asifunge tena. Mgonjwa asiyetarajiwa kupona, kama mzee asiyeweza, hana kadhaa. Wajibu wake tangu mwanzo ni fidia, kibaba kwa siku. Hizi hazifungiwi na mtu, kwa kuwa hakudaiwa funga hata siku moja. Mwaka juzi mwezi ulikuwa wa siku 30. Alifunga 4, zikabaki 26. Mwaka jana ulikuwa wa 29 na hakufunga hata moja. Jumla 55.

Naujua utetezi wako: ulikuwa ukisema atapona, ndiyo maana ukamkataza kutoa fidia mwaka jana. Kama kweli angekuwa mgonjwa wa kutarajiwa kupona, akafa kabla ya kupata nafasi ya kulipa, basi hadaiwi chochote, si funga wala chakula. Hukumu hiyo ni sahihi. Lakini anayepima kupona ni tabibu mjuzi na muaminifu, si sisi wanawe tunaompenda. Na tabibu alisema, ukiwepo.

Sasa hesabu. Vibaba 55 vya fidia na 11 vya kuchelewesha ni 66. Kibaba ndiyo mudi ya vitabuni, ujazo wa viganja viwili vya mtu wa wastani vikikutanishwa. Vibaba viwili kisaga, vinne pishi, na pishi ndiyo swaa inayotolewa zakatul fitri. Mashekhe wanaikadiria pishi ya mchele kati ya kilo mbili na nusu na kilo tatu. Tukichukua tatu kwa tahadhari, kibaba ni robo tatu ya kilo, na vibaba 66, yaani pishi 16 na kisaga, ni kilo 49 na nusu. Gunia moja la kilo 50, kaka. Funga 11 zikishindikana, nazo zilishiwe, inakuwa vibaba 77, kama kilo 58.

Mambo yanayoharibika ni haya. Kipimo ni cha ujazo, si cha uzito. Unga ukishindiliwa haukai sawa na mchele, kwa hiyo pima kwa kibaba, usikadirie kwa macho. Toa nafaka inayoliwa nyumbani, nzima, isiyo na wadudu. Kwa Shafi haitolewi pesa wala chakula kilichopikwa. Hanafi wanaruhusu thamani, lakini mama alikuwa Shafi, na hizo sahani za biriani ulizohesabu kwenye hitma kuwa "fidia imetoka" ni sadaka, thawabu zake zimfikie, ila si fidia. Wanaopewa ni mafakiri na maskini, si kila aliyeketi kwenye mkeka. Unaweza kumpa maskini mmoja vibaba vingi, lakini kibaba kimoja usikigawe kwa watu wawili. Wala fidia usiichanganye na mfuko wa zakatul fitri: ile ni pishi kwa kila kichwa, na wakati wake bora ni kabla ya sala ya Idi.

Na gharama yake inatoka kwenye alichoacha mama, baada ya maziko na kabla ya mirathi kugawanywa, kama madeni mengine. Ulishaanza kutaja nani achukue kitanda na nani achukue cherehani. Ngoja kwanza.

Nimeyaandika hayo kwa utulivu na ningeweza kuishia hapo. Lakini siwezi kuzitaja siku 26 za mwaka juzi bila kuitaja siku ya tano.

Ilikuwa saa kumi na moja na dakika 45, Alasiri imeshasaliwa, muhogo wa nazi uko jikoni. Mama ameegemea ukuta, jasho baridi linamtoka, vidole vinatetemeka, tasbihi imemdondoka. Akakuita wewe kwa jina la marehemu baba. Ukacheka ukadhani anatania. Mashine ya kupima sukari ikasoma 2.9. Ukaizuia glasi aliyopelekewa kwa mkono wako, ukasema zimebaki dakika 45, avumilie, asije akaivunja bure. Alipokwisha kunywa, ukawaambia wajukuu zake: "Leo bibi ni kobe."

Kobe, kaka. Jina la mtu anayejificha kula mchana wa Ramadhani, ukampa mama aliyefunga tangu hajavunja ungo. Naye alisikia. Sukari ilikuwa imeanza kupanda, akili imemrudi, akasikia vizuri kabisa. Akajifunika mtandio uso.

Nisikilize sasa, na nitakueleza kama ninavyowaeleza watu wengine. Sukari ikishuka chini ya 3.9 (kwa mashine inayosoma mmol/L) funga inakatwa hapo hapo, hata kama muadhini ameshika kipaza sauti. Ikipita 16.6 vilevile. Kutetemeka, jasho, kuongea ovyo na kusahau majina ni ubongo unaokosa chakula. Hatua inayofuata ni degedege au kupoteza fahamu. Dakika 45 ni nyingi mno. Vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, subiri dakika 15, pima tena, bado iko chini rudia, ikipanda ale chakula. Akishazimia usimmiminie kitu mdomoni, kitaingia mapafuni, mpeleke hospitali. Kutoboa kidole hakufunguzi. Sindano ya insulini nayo, kwa wanazuoni wengi, haifunguzi.

Na kwa nini ilishuka? Kwa sababu alichoma kipimo chake kizima cha asubuhi wakati wa daku, juu ya uji nusu kikombe, kisha akakaa karibu saa kumi na sita bila kitu. Anayechoma insulini na akaruhusiwa kufunga huenda kliniki wiki sita au nane kabla ya mwezi. Daktari anaipanga dawa upya. Aghalabu kipimo kikubwa kinahamia futari na cha daku kinapunguzwa. Daku nayo inacheleweshwa hadi karibu na alfajiri, ndiyo sunna na ndiyo salama. Wewe ulimwamsha saa nane usiku ili upate kulala. Silisemi hili kukuumiza. Labda nalisema kukuumiza kidogo.

Ulisema glasi ile ilikuwa udhaifu wa imani. Soma Suratul Baqara, kaka, aya ya 183 hadi 185, unazozisikia kila mwaka. Aya inayofaradhisha funga inataja uchamungu. Inayofuata, kabla hata hujameza mate, inamtaja mgonjwa na msafiri na kulisha maskini. Aya ya 185 inataja kushuka kwa Qur'ani, halafu inamrudia mgonjwa na msafiri mara ya pili, ndipo inaposema kuwa Mwenyezi Mungu anatutakia wepesi wala hatutakii uzito. Mara mbili ndani ya aya mbili! Ruhusa haikupachikwa pembeni kwa ajili ya wanyonge. Imeshonwa pamoja na faradhi yenyewe.

Na glasi ya Alasiri ina asili yake. Mwaka wa 8 wa Hijra, Mtume, rehema na amani zimshukie, alitoka kwenda kuifungua Makka, nayo ilikuwa Ramadhani. Alifunga na watu wakafunga hadi walipofika Kuraa al-Ghamim. Akaambiwa funga imewaelemea watu na wanamwangalia yeye atafanya nini. Akaagiza chombo cha maji baada ya Alasiri, akakiinua juu watu wote wakione, akanywa. Kisha akaambiwa wapo walioendelea kufunga. Akasema: hao ndio waasi, hao ndio waasi. Jabir ameipokea, na Muslim ameiweka kwenye Sahihi yake.

Hakusubiri jua lizame wala hakujificha. Basi kama kuna aliyepaswa kujifunika uso siku ile nyumbani kwetu, hakuwa mama. Na mkono uliopeleka glasi haukukosea, kaka. Nimeirudia hesabu ya dakika zile mara nyingi kuliko nilivyoirudia ya vibaba, na kila nikirudia jibu ni lilelile. Bukhari amepokea kuwa asiyeacha maneno ya uongo na kuyatenda, Mwenyezi Mungu hana haja na kuacha kwake chakula na kinywaji. Kati yenu wawili jioni ile, mwenye glasi mkononi na mwenye neno lile mdomoni, mimi najua swaumu ya nani ilipata hasara.

Nisamehe kwa kulisema mbele za watu. Nilitaka kuandika barua ya fidia tu.

Najua pia kuwa usiku ule hukulala. Ulikaa mlangoni kwake hadi daku, ukamchemshia maji ya kuoga, ukampaka mafuta miguu. Hukusema pole, ila miguu uliipaka. Mama aliniambia nisikuseme vibaya, na kwa miaka miwili nimejitahidi.

Gunia nimeshaliagiza, litafika Alhamisi. Kibaba chake cha bati, kile chenye ukingo uliopinda, kipo juu ya kabati la vyombo alipokiacha. Majina ya maskini ninayo, ni tisa, wote unawajua. Wanne ni wajane wa mtaa wa nyuma. Sitaki kupima peke yangu, kwa sababu nikikosea idadi nitakuwa nimemwongezea mama deni. Wewe ndiye mkubwa, ndiye walii, nia uitamke wewe. Nitashika gunia, wewe utahesabu.

Njoo Ijumaa baada ya sala. Na zile siku 11, niandikie unachukua ngapi.

Nduguyo