Tusaidieni choo kabla mabibo hayajaanza kudondoka

Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Nawaandikia wazazi, walezi na wana wa Newala mlioko Mbagala, Temeke na kwingineko.

Mimi ni mwalimu wa afya katika shule yetu ya msingi hapa uwandani, na kamati ya shule imenituma kuomba. Nianze na kosa langu. Mwaka jana nilikuwa na binti wa darasa la tatu aliyesinzia kila siku kuanzia kipindi cha pili. Nilimsimamisha nyuma ya darasa mara sijui ngapi, nikimwita mvivu. Siku moja nikamkuta nyuma ya jiko anakula udongo wa kichuguu. Nikamshika kiganja: cheupe kama unga wa muhogo. Nikamfunua jicho chini, hamna wekundu. Nilipata aibu.

Bibi yake alipeleka kinyesi cha binti huyo kituo cha afya ndani ya kiboksi cha kiberiti, kama tulivyozoea sote, na mtaalamu wa maabara akakipokea bila kununa. Alinieleza jambo nisilolijua: ukipima kwa ile njia ya kufunika kinyesi na karatasi laini iliyolowekwa gliserini, mayai ya safura, minyoo inayonyonya damu tumboni, hayasubiri. Kioo cha kupimia kikicheleweshwa mayai hupotea machoni, utaandikiwa huna kitu na minyoo unayo. Kwa binti yetu waliwahi, na mayai yakaonekana.

Dawa si shida kubwa. Kidonge kimoja cha albendazoli cha miligramu 400 watoto humeza hapahapa shuleni, na binti yule alipewa na dawa ya kuongeza damu. Shida ni kwamba kidonge kinatoa minyoo iliyomo tumboni leo, hakimlindi mtoto na ya kesho. Mahali ambapo mazingira hayajabadilika, mwaka haupiti minyoo mviringo, ile mirefu ya tumboni, huwa imerudi karibu kama mwanzo.

Na mazingira yetu mnayajua, mmekulia humu. Mwongozo wa serikali wa vyoo vya shule unataka tundu 1 la choo kwa wasichana 20, na 1 kwa wavulana 25. Sisi shule nzima tuna matundu 4 yanayofaa, mawili hayana milango. Kengele ya mapumziko ikilia, watoto wanakwenda mkoroshoni. (Nani kati yetu hakwenda?) Pale chini pana kivuli kizito na mchanga wenye unyevu, ndipo safura wanapopapenda: yai huanguliwa ndani ya siku moja au mbili, na baada ya wiki hivi kiluwiluwi yuko tayari kupenya unyayo wa mtoto asiye na viatu. Kisha bibo linadondoka palepale, linaokotwa, linapanguswa kwenye kaptula, linaliwa. Minyoo mviringo hupita njia hiyo, kwa mayai yanayoingia mdomoni. Jike mmoja hutaga hadi mayai 200,000 kwa siku.

Kusema "nawa" bila maji ni kumkejeli mtoto. Uwanda wetu hauna mto, maji hupandishwa kwa pampu kutoka bondeni, na siku yasipofika hata mwalimu hanawi.

Kwa hiyo tunajenga matundu 8 na kuweka tanki la lita 5,000 la kuvunia mvua ya paa la madarasa, lenye mabomba ya kunawia. Shimo wanakijiji wameshalichimba kwa mikono yao. Kinachokosekana ni simenti, mabati, kokoto, milango na tanki lenyewe. Milango ya wasichana iwe na komeo la ndani. Hilo kina mama wa kamati wamelisisitiza na hatutalipunguza hata fedha zikipelea.

Mlioko mbali, mtendaji wa kijiji anayo namba ya malipo, na kila senti itaandikiwa stakabadhi na kubandikwa kwenye ubao wa matangazo. Mlioko nyumbani, kila kaya tunaomba kilo 5 za korosho msimu ukifunguliwa. Tutazipeleka chama cha msingi cha ushirika kwa jina la shule. Tafadhali ziwe zimeanikwa zikakauka. Mwaka uliopita tulirudishiwa gunia zima.