YAH: GASKETI YA KAVA YA TAPETI ILIYOVIMBA BAADA YA SIKU NNE

Morogoro,
14 Julai 2025

Meneja Mauzo,
Duka la Vipuri vya Magari,
Kariakoo, Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha barua hapo juu. Kwa kuwa oili ilikuwa ikivuja kwenye kava ya juu ya injini, tarehe 5 Julai nilinunua kwenu mpira wa kuizuia, yaani gasketi ya kava ya tapeti, ya Toyota IST ya mwaka 2004, injini 1NZ, kwa shilingi 35,000. Muuzaji alinihakikishia kuwa ni jenuini, na risiti ya EFD imeandikwa hivyo.

Kesho yake niliifunga mwenyewe nyumbani. Nilisubiri injini ipoe, nikachomoa koili zote nne, nikafungua boliti za namba 10 na kuinua kava. Gasketi ya zamani ilikuwa imekauka, ukiikunja inakatika kama biskuti. Nilisafisha mfereji wa kava mpaka ukakauka, nikapaka silikoni zile sehemu mbili ambapo kava ya cheni inakutana na silinda hedi. Gasketi yenu ilikaa vizuri. Boliti nilizikaza kidogo kidogo kuanzia katikati, kwa spana fupi.

Alhamisi oili ikaanza kuvuja tena, safari hii kuliko mwanzo, ikidondokea eksozi na kutoa moshi. Nilipofungua kava niliikuta gasketi imevimba, laini kama ndala iliyolowa. Niliporudisha kwenye mfereji ilizidi kwa upana wa kidole. Ukibonyeza kona hii, inachomoka ile. Huo ni mpira usiohimili oili. Tena umewekwa mahali ambapo kazi yake yote ni kukaa na oili!

Jumamosi nilipanda basi hadi dukani kwenu nikiwa nayo mkononi. Nilijibiwa kwamba kifaa kikishafungwa hakirudi, na kwamba ningempelekea fundi yasingenikuta haya. Jibu hilo limeniumiza kuliko hasara yenyewe. Gasketi iliyokazwa kupita kiasi hubonyea au kukatika. Hii haina mkato hata mmoja, imevimba urefu wake wote, na yeyote aliyewahi kushika spana ataliona hilo bila kuambiwa.

Naomba mnirudishie shilingi 35,000 pamoja na 40,000 za oili iliyopotea. La pili ndilo zito zaidi: ziondoeni rafuni zote za shehena ile. Kateni kipande, kilowekeni kwenye oili ya moto, mtajionea. Gari hili hupeleka watoto wangu shule kila siku, na oili juu ya eksozi ya moto inaweza kuliunguza gari. IST zimejaa barabarani, na wengi wa wenye nazo hawafungui boneti mpaka waone moshi.

Nisipopata majibu ya maandishi ndani ya siku 14, nitaiwasilisha gasketi hii na risiti yake Tume ya Ushindani (FCC).

Wenu,
Mteja, mwenye IST ya 2004

Viambatisho: nakala ya risiti, picha tatu za gasketi ikiwa kwenye kava.